Sentimita ya kwanza: mwongozo kamili wa kufuatilia bumba la elektroni linalotoka kwenye plazma ya leza

Elektroni milioni 190 zimejibana mahali padogo kuliko chembe nyekundu ya damu. Zinakimbia karibu sawa na kasi ya nuru, zimefika mwisho wa plazma, na mbele yake kuna utupu. Ni kitu gani kitazitawanya?

Karibu kila mwanafunzi ninayemuuliza hujibu papo hapo: chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo bumba litalipuka. Nami niliamini hivyo kwa miezi, na uigaji wangu wa mwanzo wa kompyuta wote niliuelekeza huko. Nilikuwa namtafuta mwizi nyumba ya jirani. Mara nyingi bumba huharibiwa na kitu cha kawaida zaidi, yaani elektroni zenye nishati tofauti zikishika njia tofauti, na uharibifu huo huanza ndani ya sentimita moja au mbili tangu kutoka.

Mwongozo huu unafuata bumba moja tu, kuanzia kwenye plazma hadi kwenye skrini, kwa namba ambazo unaweza kuzirudia mwenyewe. Ni wa mtu aliyesoma fizikia ya mwaka wa pili au wa tatu chuoni. Huhitaji leza ya terawati 25. Unahitaji karatasi, kikokotoo, na baadaye kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro. Plazma ni gesi ambayo elektroni zake zimeachana na ayoni; vitabu vingine huiita utegili. Mimi nitabaki na plazma kwa kuwa ndilo neno linalotumika tunapozungumza.

Hatua ya 1: Liandike bumba kwa namba sita

Usiguse programu yoyote kabla ya kuandika hizi. Bumba letu la mfano, likiwa mlangoni linapotoka kwenye plazma:

- nishati 255 MeV, yaani γ = 500 (γ ni nishati ya elektroni ikigawanywa kwa nishati yake ya kutulia, 0.511 MeV)
- chaji 30 pC (pikokulombi)
- muda 5 fs (femtosekunde)
- upana 1 µm
- pembe ya mtawanyiko 2 mrad (miliradiani)
- mtawanyo wa nishati asilimia 3

Upana, pembe na mtawanyo wa nishati ni mikengeuko sanifu, si kipimo cha ukingo hadi ukingo. Changanya hivyo viwili na namba zako zote zitapotoka kwa mara mbili na zaidi bila wewe kujua.

Si namba za ndoto. Mwaka 2011 maabara ya LOA huko Palaiseau, Ufaransa, ilipima mabumba ya femtosekunde 1.4 hadi 1.8 yenye mkondo wa kilele wa kiloampea 3 hadi 4. Letu ni refu kidogo na lina chaji zaidi.

Sasa toa namba tatu za ziada. Gawa chaji kwa chaji ya elektroni moja: 30 × 10⁻¹² ÷ 1.6 × 10⁻¹⁹, unapata elektroni 1.9 × 10⁸. Gawa chaji kwa muda: ampea 6,000. Plagi ya pini tatu iliyoko ukutani kwako ina fyuzi ya ampea 13. Kisha zidisha upana kwa pembe kwa γ: 1 µm × 2 mrad × 500 = 1 mm·mrad. Hii ya mwisho ndiyo emitansi iliyosawazishwa, na ndiyo tutakayoilinda kama yai mpaka mwisho.

Emitansi ni kipimo cha fujo. Fikiria abiria wanaoshuka kwenye daladala. Mlangoni wamebanana bega kwa bega, lakini kila mmoja ana safari yake. Dakika moja baadaye wametapakaa kituo kizima bila mtu kumsukuma mwenzake. Kubanana kwao mlangoni hakukwambii lolote kuhusu watakapokuwa. Unahitaji kujua pia kila mmoja anaelekea wapi, na kwa mwendo gani.

Hatua ya 2: Ijue plazma lilimozaliwa

Wazo la kutumia leza kuchapuza elektroni (kuzipa kasi na nishati) ndani ya plazma lilichapishwa na Toshiki Tajima na John Dawson mwaka 1979. Leza zenye nguvu ya kutosha zilikuja baada ya Donna Strickland na Gérard Mourou kuonyesha mwaka 1985 namna ya kunyoosha mpigo wa leza, kuukuza, kisha kuubana tena. Kazi hiyo iliwapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya 2018. Mwaka 2004 vikundi vitatu, cha Uingereza, cha Ufaransa na cha Marekani, vilitoa kwa wakati mmoja miali ya elektroni ambazo nishati zake zimekaribiana. Kabla ya hapo ulichopata ni mseto wa nishati za kila aina.

Mpigo wa leza unapopita kwenye plazma huzitupa elektroni pembeni na kuacha ayoni nyuma, kwa kuwa ayoni ni nzito na hazipati muda wa kusogea. Nyuma ya leza panabaki kiputo kisicho na elektroni, chenye chaji chanya. Elektroni zilizotupwa huvutwa kurudi na kukutana nyuma ya kiputo. Mle ndani uga wa umeme ni mkali kupindukia, na elektroni itakayoingia kwa wakati wake hubebwa kama mtu aliyedandia wimbi.

Chukua plazma ya elektroni 4 × 10¹⁸ kwa sentimita ya ujazo na leza ya urefu wa wimbi wa 0.8 µm. Kanuni nne zinakutosha:

Urefu wa wimbi la plazma, kwa mikromita, ni 33.4 gawanya kwa kipeuo cha pili (√) cha msongamano ulioandikwa kwa vipimo vya 10¹⁸. Kwetu: 33.4 ÷ 2 = 16.7 µm.

Uga wa kuvunjika kwa wimbi, kwa volti kwa mita, ni 96 mara kipeuo cha pili cha msongamano kwa sentimita ya ujazo. Kwetu: GV 192 kwa mita. Vichapuzi vya kawaida vya mawimbi ya redio hufanya kazi kwenye makumi ya MV kwa mita, labda mia moja kwa waliojitahidi sana.

Msongamano wa kikomo, ambao leza hii haiwezi kuupenya, ni 1.74 × 10²¹. Uwiano wake na plazma yetu ni 435. Kipeuo cha pili cha uwiano huo, karibu 21, ni γ ya wimbi lenyewe. Elektroni yenye γ ya 500 ni nyepesi mbio kuliko wimbi lililoibeba, kwa hiyo itafika mbele ya kiputo na kuanza kupunguzwa kasi. Kwa leza yenye nguvu ya uga a₀ = 3, umbali wa kufikia hapo ni kama milimita 2.7. Ndiyo maana plazma yetu tunaikata kwenye milimita 2 hivi.

Leza inayohitajika: doa la nusu kipenyo cha 9 µm, nguvu ya terawati 25, mpigo wa femtosekunde 30. Zidisha: jouli 0.75. Ni leza ya maabara ya chuo kikuu ya ukubwa wa kati, si ya taifa zima.

Hatua ya 3: Angalia linavyoyumba na linavyobanwa

Ndani ya kiputo ayoni huivuta kila elektroni kuelekea katikati. Elektroni inapita katikati, inavuka, inavutwa tena. Inayumba. Urefu wa myumbo mmoja ni kipeuo cha pili cha 2γ mara urefu wa wimbi la plazma: √1000 × 16.7, yaani karibu 0.53 mm. Kwa kuyumba huko elektroni hutoa eksirei, na wapimaji hodari huzitumia eksirei hizo kukadiria upana wa bumba likiwa bado ndani, mahali ambapo hakuna skrini inayoweza kuingia.

Mvuto huo wa ayoni hulibana bumba hadi upana mmoja unaolingana nao. Kwa emitansi ya 1 mm·mrad na γ ya 500, upana huo ni kama 0.4 µm na pembe yake ni kama 5 mrad. Zidisha 0.4 × 5 × 500 na utapata ileile 1. Shika namba hii ya 5 mrad, maana mlangoni tuliandika 2. Tofauti hiyo ina kisa chake, kinakuja kwenye hatua ya 4.

Sasa piga hesabu ya msongamano wa bumba lenyewe. Kwa umbo la kengele, idadi ya elektroni gawanya kwa 15.75 × upana² × urefu; urefu, kama mkengeuko sanifu, ni 0.64 µm. Unapata karibu 1.2 × 10²⁰ kwa sentimita ya ujazo. Hiyo ni mara 30 ya msongamano wa plazma inayolibeba! Abiria wamekuwa wazito kuliko basi.

Uzito huo una matokeo mawili. Kwanza, bumba nalo hutengeneza wimbi lake, na wimbi hilo hupunguza uga unaolichapuza. Mbele ya bumba hupata uga kamili, nyuma hupata mabaki. Kwa leza ya terawati 25, makadirio yanayotumika sana huweka kikomo cha chaji kwenye 200 pC hivi. Letu la 30 pC liko mbali na kikomo, ila tayari linauinamisha uga. Usikimbilie kusema ni kasoro. Ukilipakia vizuri, mzigo huo huusawazisha uga, na kila kipande cha bumba hupata nishati sawa. Kikundi cha Dresden, Ujerumani, kilionyesha mwaka 2017 kwa mabumba ya mamia ya pikokulombi kwamba mtawanyo wa nishati huwa mdogo kabisa kwenye mzigo wa kiasi fulani, si kwenye mzigo mdogo kuliko yote. Kupunguza chaji ili upate mwali safi, ushauri unaotolewa kila siku, mara nyingi unakupeleka upande usio.

Pili, leza ikichoka kabla plazma haijaisha, bumba halisimami. Linaendelea kuzitupa elektroni pembeni kwa chaji yake lenyewe na kuchimba kiputo chake. Mbele ya bumba hulipa gharama, nyuma hufaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Ulaya walitumia tabia hiyo makusudi: bumba lililozaliwa na leza likawa injini ya plazma ya pili. Kwako wewe maana yake ni moja tu: usikadirie urefu wa plazma kwa kuangalia leza peke yake.

Hatua ya 4: Tengeneza mlango wa kutokea

Plazma ikikatika ghafla, bumba linatoka na 5 mrad zake zote. Ikipungua taratibu, mvuto wa ayoni unalegea polepole, bumba linatanuka kidogo na pembe yake inapungua kwa kiasi hichohicho. Kutoka 0.4 µm na 5 mrad hadi 1 µm na 2 mrad, emitansi imebaki 1. Hujapoteza kitu, umebadilisha tu.

Mteremko huo unahitaji kuwa mrefu ukilinganisha na urefu wa myumbo uliogawanywa kwa 2π, kwetu 0.08 mm, na mwisho wake uwe mpole zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa myumbo hurefuka kadiri plazma inavyokonda. Milimita moja hadi kadhaa kwa kawaida zinatosha. Bomba la gesi lenye ncha kali hukupa kidogo. Chumba cha gesi chenye tundu refu la kutokea hukupa zaidi. Njia nyingine ni kuweka plazma ndogo ya pili mbele kidogo iwe lenzi. LOA walifanya hivyo mwaka 2015 na pembe ikashuka kutoka 4.1 hadi 1.6 mrad.

Hapa ndipo nilipojichoma. Uigaji wangu niliukata kabla ya mteremko kwa kujiambia kilichobaki ni gesi nyembamba tu. Nikapeleka bumba la 5 mrad kwenye programu ya sumaku na kukaa wiki tatu nikizilaumu sumaku. Milimita moja na nusu ya gesi niliyoipuuza ndiyo ilikuwa kazi yote.

Hatua ya 5: Maliza suala la msukumano wa chaji

Tulipime sasa ili lisikusumbue tena. Bumba linapokimbia, kani ya umeme inayolitanua na kani ya sumaku inayolibana karibu zinafutana. Kinachobaki hupungua kwa γ², na ukihesabu pia jinsi elektroni za mbio zilivyo nzito kugeuzwa, athari yote hupungua kwa γ³. Kwa mkondo wa 6 kA na γ ya 500, namba ya kani ni 2 × 6 ÷ 17 ÷ 500³, yaani 5.6 × 10⁻⁹. Ile 17 ni kiloampea 17 za mkondo wa Alfvén, kipimo cha kulinganishia mikondo ya miali. Igawe kwa 4 mara upana: 0.0014 kwa mita. Upande wa pili weka emitansi isiyosawazishwa (upana mara pembe bila γ, 2 × 10⁻⁹ m) ikijizidisha yenyewe, gawa kwa upana × upana × upana: 4 kwa mita.

Nne dhidi ya 0.0014. Fujo ya elektroni inaushinda msukumano kwa karibu mara 3,000. Hakuna mlipuko.

Kwa urefu wa bumba habari si tofauti sana: nyuma hucheleweshwa na mbele husukumwa, lakini kwa bumba letu, ndani ya sentimita kumi za kwanza, mabadiliko ni sehemu tu ya MeV moja kati ya 255. Usiizike hesabu hii hata hivyo. Ukishuka hadi 50 MeV na kupandisha chaji hadi mamia ya pikokulombi ndani ya femtosekunde zilezile, msukumano unakuwa mchezaji mkuu, na mteremko wa nishati unaojengeka ndani ya bumba unaonekana wazi kwenye spektromita (sumaku inayozitenganisha elektroni kwa nishati). Rudia hatua hii kila unapobadilisha bumba. Ni dakika tano.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya sentimita ya kwanza

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo mzima.

Bumba linasafiri kwenye utupu bila sumaku. Elektroni yenye nishati kubwa na yenye nishati ndogo zikiwa na pembe ileile, momenta zake za pembeni ni tofauti. Kadiri bumba linavyotanuka, tofauti hiyo inanyooka na kugeuka kuwa fujo mpya. Kiasi kinachoongezeka kwenye emitansi iliyosawazishwa ni:

γ × mtawanyo wa nishati × pembe² × umbali

Weka namba zetu: 500 × 0.03 × (0.002)² = 6 × 10⁻⁵. Zidisha kwa umbali kwa mita.

Baada ya sentimita 1.7 nyongeza ni 1 mm·mrad, sawa na yote tuliyoanza nayo. (Mbili hizi hujumlishwa kwa Pythagoras, kwa hiyo hapo jumla ni 1.4, si 2.) Baada ya sentimita 10 ni 6. Baada ya mita moja ni 60. Ule mwali wa sifa, ambao kwenye makala unaandikwa 1 mm·mrad, umekuwa 60 kabla haujagusa kitu chochote.

Rudia kwa bumba la 5 mrad, yaani lililotoka bila mteremko: 500 × 0.03 × (0.005)² = 3.75 × 10⁻⁴. Sasa sentimita 1.7 zimekuwa milimita 2.7. Hakuna fundi atakayekuwekea sumaku milimita 2.7 kutoka kwenye njia ya leza ya terawati 25, itayeyuka. Pembe imo kwenye kanuni kwa kipeo cha pili, ndiyo maana ule mteremko wa gesi una thamani kuliko sumaku ya bei yoyote.

Angalia pia kisichokuwemo kwenye kanuni. Chaji haimo, wala mkondo. Bumba la 3 pC lingeharibika vilevile.

Kuna faraja moja. Uharibifu huu si kamili: ukichagua elektroni za nishati moja tu, emitansi ya kundi hilo bado ni ileile. Taarifa ipo, imetawanywa. Wajenzi wa leza za elektroni huru (zinazotoa mwanga kwa kuyumbisha mwali wa elektroni kwa sumaku) hutegemea hilo: hulipitisha bumba kwenye sumaku nne za kupindisha njia ili lirefuke na nishati zijipange kwa foleni, halafu kila kipande cha foleni kinakuwa na mtawanyo mdogo, kwa gharama ya mkondo.

Hatua ya 7: Chagua lenzi

Una chaguo mbili za kawaida.

Sumaku za kudumu za ncha nne. Yenye mteremko wa uga wa tesla 300 kwa mita na urefu wa sentimita 2 itakuwa na umbali wa fokasi wa sentimita 14 kwa elektroni zetu (0.3 × 300 ÷ 0.255 = 353; mara 0.02 = 7.06; moja gawanya kwa hiyo = 0.14 m). Hazihitaji umeme na hazichoki. Kasoro ni kwamba kila moja hubana upande mmoja na kutanua wa pili, kwa hiyo unahitaji mbili au tatu, na wakati unasubiri ya pili bumba linaendelea kutanuka.

Lenzi ya plazma yenye mkondo. Ni kapilari (kijibomba chembamba) ya gesi inayopitishiwa mamia ya ampea. Mkondo unatengeneza uga wa sumaku wa mviringo unaobana pande zote kwa pamoja. Kikundi cha Berkeley kilionyesha mwaka 2015 miteremko inayozidi tesla 3,000 kwa mita. Kwa bumba letu hiyo ni umbali wa fokasi wa sentimita mbili hivi. Inavutia sana. Ila kumbuka hatua ya 3: bumba lililosongamana likiingia kwenye plazma linachimba kiputo chake, na kiputo hicho kinapotosha lenzi. Liache litanuke kwanza, au tumia gesi nyembamba, au punguza chaji. Ni mvutano halisi kati ya kuiweka karibu na kuiweka mbali, na ukiweza kuuona mapema utaokoa pesa za watu.

Binafsi ningeanza na sumaku za kudumu kwenye umbali wa sentimita 5 na kukubali emitansi ya 3 hivi. Lenzi ya plazma ni ya msimu wa pili.

Hatua ya 8: Urefu wa bumba

Kwa ufupi. Elektroni inayokwenda kwa pembe hutembea njia ndefu zaidi: umbali × pembe² ÷ 2. Kwa mita moja na 2 mrad ni 2 µm, sawa na femtosekunde 6.7, zaidi ya urefu wote wa bumba. Tofauti ya kasi inayotokana na nishati ni umbali × mtawanyo ÷ γ²: 0.12 µm, yaani femtosekunde 0.4. Mkosaji ni yuleyule: pembe.

Hatua ya 9: Sasa washa kompyuta

Kwa sehemu ya plazma tumia programu ya FBPIC au WarpX. Zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. FBPIC hutumia ulinganifu wa mviringo, kwa hiyo mwanafunzi mwenye kadi moja ya michoro anaweza kupata jibu bila foleni ya kompyuta kuu. WarpX ni ya mashine kubwa. Ilishinda tuzo ya Gordon Bell mwaka 2022.

Mambo manne ya kushika. Seli (vijichumba vya gridi ambamo programu hupiga hesabu) kwenye mhimili ziwe ndogo kiasi cha sehemu moja ya thelathini ya urefu wa wimbi la leza, karibu 0.027 µm. Seli za pembeni ziwe chini ya 0.1 µm, la sivyo bumba la 0.4 µm litaonekana kama matofali manne. Jihadhari na mnururisho bandia: programu zinazokadiria kasi ya nuru chini kidogo ya ilivyo huifanya elektroni ya mbio itoe mwanga usiokuwepo, na emitansi inapanda bila sababu ya kifizikia. FBPIC imeundwa kulikwepa hilo. Nyingine zinahitaji marekebisho. Na endesha mpaka mteremko wote uishe!

Toa bumba kwa muundo wa faili wa openPMD, kisha ulipeleke kwenye programu ya ASTRA (ya maabara ya DESY, Ujerumani) au Ocelot kwa safari ya sumaku. Kabla ya kuendelea, acha bumba lielee mita moja kwenye utupu ndani ya programu hiyo na ulinganishe emitansi na ile 60 ya hatua ya 6. Zisipokaribiana kuna kosa kwenye uhamisho, mara nyingi la vipimo: programu moja inahesabu momenta kwa mc, nyingine kwa eV.

Hatua ya 10: Kwenye maabara, usiamini skrini

Kama umebahatika kufika penye leza, jua kwamba bumba fupi na zito linaidanganya mitambo.

Skrini ya karatasi ya chuma inayotoa mwanga bumba linapoipita hufanya kazi vizuri kwenye vichapuzi vya zamani, ambako mwanga hulingana na chaji. Bumba letu likiwa na vipande vifupi kuliko urefu wa wimbi la mwanga unaoonekana, elektroni huangaza kwa pamoja na mwanga hufuata idadi kwa kipeo cha pili. Doa linalong'aa kupita kiasi linaweza kuwa sehemu ndogo tu ya chaji. Tumia skrini ya fosfori, nayo uihakiki kwa kipima chaji, maana pia hufika kikomo pale chaji inapojaa mahali pamoja. Mwanga ule wa pamoja usiutupe lakini: ukiupima kwenye infraredi, ndiyo saa yako ya femtosekunde.

Spektromita nayo ina mtego. Sumaku ya tesla 1 yenye urefu wa sentimita 20 itageuza elektroni zetu kwa radiani 0.235. Pembe ya asili ya 2 mrad inaonekana pale kama mtawanyo wa nishati wa angalau asilimia 0.85, ya 5 mrad kama asilimia 2. Kama mwali wako una mtawanyo halisi wa asilimia 1, unachokisoma ni pembe, si nishati. Weka sumaku za kulenga kabla ya spektromita, au ondoa mchango wa pembe kwenye jibu lako kwa uaminifu.

Kupima emitansi kwa kubadilisha sumaku mpigo baada ya mpigo kunataka mwali unaojirudia. Miali hii hubadilika: mwelekeo unaweza kucheza miliradiani moja au mbili kila mpigo. Njia bora ni kulenga upande mmoja na kutawanya nishati upande wa pili kwenye skrini moja. Kila nishati inakuwa na fokasi yake, na upana wake kwenye picha unakupa emitansi kwa mpigo mmoja. Kikundi cha München kilipima hivyo 0.2 mm·mrad mwaka 2012. Uthabiti nao umeongezeka tangu hapo: mwaka 2020 mashine ya LUX huko Hamburg iliripoti mabumba 100,000 mfululizo ndani ya siku moja, na mwaka 2021 Shanghai ikapata leza ya elektroni huru ya nanomita 27 kwa elektroni za 490 MeV zenye mtawanyo wa asilimia 0.5 hivi. Rudisha 0.005 hiyo kwenye kanuni ya hatua ya 6 uone ilichowanunulia.

La mwisho ni mlango wa chumba. Elektroni za 255 MeV zikigonga ukuta hutoa gama na nyutroni, zote kwa kupepesa kumoja. Kipima mnururisho kinachohesabu mlio mmoja mmoja kitalia mara moja tu kwa mpigo mzima, hata kama zimepita chembe elfu. Ukikiona kinasoma karibu sifuri, usiingie. Soma beji ya kupima mnururisho au chemba ya ayoni iliyo upande wako wa ukuta, na uhakikishe swichi ya mlango imekata leza.